Mafuta ndani ya kigae: namna maziwa ya miaka 3,000 iliyopita yanavyotambuliwa

Katika nyumba nyingi za wafugaji wa Dodoma na jirani zake, maziwa hayakuzoea kukaa kwenye chungu. Yanakamuliwa, yanamiminwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, kinazibwa, na baada ya siku mbili tatu yanatoka yakiwa mgando. Kibuyu kikipasuka kinatupwa jalalani. Mvua za msimu mmoja na mchwa wa msimu unaofuata, kimekwisha. Hakuna atakayekichimbua baada ya miaka 3,000.

Ugumu wa kuchunguza maziwa ya kale unaanzia hapo. Mtafiti anafika mahali ambapo chombo chenyewe cha maziwa kimeoza, maziwa yamekwisha, na walioyanywa wamebaki mifupa. Anachokuta ni vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi, na mara chache mifupa na meno ya watu. Kila kimoja kina la kusema, ila kinajibu swali lake tu. Kigae kinajibu nini kilipikwa humu. Ukoga wa jino unajibu mtu huyu alitia nini kinywani. Vinasaba vinajibu kama mwili wake ungeweza kumeng'enya sukari ya maziwa akiwa mtu mzima. Taarifa nyingi za "ugunduzi mpya" zinapotosha kwa sababu zinakilazimisha kimoja kijibu swali la mwenzake.

Mifupa iliulizwa kwanza

Kabla ya kemia kuingia, watafiti walitegemea umri wa mifugo iliyochinjwa. Mwaka 1973 Sebastian Payne, akichunguza mifupa ya kondoo na mbuzi kutoka Asvan Kale huko Uturuki, alipendekeza kanuni iliyoenea dunia nzima. Mfugaji anayetaka maziwa huchinja madume yakiwa machanga ili maziwa ya mama yabaki kwa watu. Anayetaka nyama huyaacha mpaka yakaribie kukoma kukua. Anayetaka sufu huwaacha wazeeke. Basi, ukikuta mifupa mingi ya vitoto, andika maziwa.

Kanuni hiyo ikiletwa kwenye zizi la ng'ombe wa kienyeji inakwama. Aliyewahi kukamua Bahi, Kongwa au Chemba anajua kwamba ng'ombe wetu hateremshi maziwa mpaka ndama amnyonye kwanza. Ndama anafunguliwa, anapiga mafundo machache, anavutwa pembeni na kufungwa mbele ya mama yake amlambe, na ndipo mkamuaji anapochutama. Ndama akifa, chuchu zinakauka. Baadhi ya wafugaji huichuna ngozi ya ndama aliyekufa, wakaijaza nyasi na kumsogezea mama ainuse ili asikatae kukamuliwa. Mtu anayeishi kwa maziwa ya ng'ombe wa aina hii, anayetoa lita moja au mbili kwa siku, hawezi kuchinja ndama dume ovyo. Kwa hiyo jalala lisilo na mifupa ya ndama halithibitishi kwamba watu hawakukamua. Zaidi ya hapo, mifupa ya ndama ni laini. Mbwa na fisi huimaliza kabla udongo haujaifunika.

Kupima kaboni na naitrojeni ndani ya mfupa wa mtu hakusaidii sana pia. Naitrojeni inaonyesha kwamba mtu alikula protini ya mnyama, lakini nyama na maziwa ya ng'ombe yule yule vinatoa alama zinazofanana. Mla nyama na mnywa maziwa wanasomeka sawa.

Kwa nini kigae kinashika mafuta

Chungu cha kienyeji hakina mng'ao wa kioo juu yake. Kuta zake zimejaa vinyweleo vidogo mno. Supu ikichemka, mafuta yanapanda juu na kunywewa na udongo uliochomwa, na kila mpishi anayefuata anaongeza yake. Yakishaingia humo, maji ya mvua na vijidudu vya ardhini huyafikia kwa shida. Hata chungu kikivunjika na vigae vyake kulala ardhini miaka elfu kadhaa, sehemu ya mafuta inabaki ndani ya ukuta.

Hayabaki kama yalivyokuwa. Mafuta ya maziwa mabichi yana asidi fupi fupi, zile zinazoipa samli harufu yake. Hizo huyeyuka kwenye maji na kuruka hewani kirahisi, kwa hiyo ndizo zinazotangulia kupotea. Zinazodumu ni asidi mbili ndefu: palmitiki, yenye kaboni 16, na steariki, yenye kaboni 18. Balaa ni kwamba mafuta ya nyama nayo yakizeeka yanabaki na hizo hizo mbili. Mkemia akiangalia aina za asidi peke yake, chungu cha maziwa na chungu cha mchuzi wa mbuzi vinafanana.

Njia ya kutoka ilipatikana Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, ambako Stephanie Dudd na Richard Evershed walichapisha mwaka 1998 wazo la kupima kaboni iliyomo ndani ya kila asidi moja moja. Ili uelewe walichofanya, mfuate ng'ombe malishoni.

Kaboni ya asili ina aina mbili tulivu: kaboni-12, iliyo nyingi mno, na kaboni-13, nzito kidogo na adimu, karibu asilimia moja tu. Ndani ya jani lile lile, mafuta yana kaboni-13 pungufu kuliko wanga na nyuzinyuzi. Ng'ombe akila, vijidudu vya tumboni mwake vinafanya kazi mbili. Wanga na nyuzinyuzi wanazichachusha kuwa asetati, ile asidi fupi ya siki, na yale mafuta machache ya majani wanayageuza kuwa asidi ya steariki. Sasa njoo kwenye kiwele. Chembe za kiwele zinaweza kutengeneza palmitiki kutokana na asetati, lakini steariki haziwezi kuitengeneza. Inabidi ziichukue kwenye damu, na sehemu kubwa ya hiyo ilitoka moja kwa moja kwenye mafuta ya majani. Tishu za mafuta ya mwilini, zile zinazokuwa nyama nono buchani, zinaweza kutengeneza zote mbili kutokana na asetati.

Matokeo yake ni kwamba ndani ya maziwa, steariki inakuwa na upungufu wa kaboni-13 ukilinganisha na palmitiki, na pengo hilo ni kubwa kuliko lile la nyama. Mtafiti anapima pengo, akichukua thamani ya steariki na kutoa ya palmitiki. Kipimo ni sehemu kwa elfu, kwa kulinganisha na kiwango cha kimataifa: thamani ikizidi kushuka chini ya sifuri, kaboni-13 ni pungufu zaidi. Pengo likifika hasi 3.1 au kushuka zaidi, ni maziwa ya mnyama anayecheua. Likiwa kati ya hapo na hasi 1 hivi, ni mafuta ya mwili ya mnyama anayecheua. Likikaribia sifuri au kupita juu yake, ni mnyama asiyecheua, kama nguruwe.

Kwa nini pengo, na si thamani yenyewe? Swali hili kwetu lina uzito kuliko Ulaya. Nyasi za nyanda zetu za joto zina kaboni-13 nyingi, karibu hasi 12 kwa elfu, ilhali miti na vichaka viko karibu hasi 27. Ng'ombe anakula nyasi, mbuzi anasimama kwa miguu ya nyuma kuvuta majani ya mgunga. Tuchukue mfano wa kubuni: chungu cha maziwa ya ng'ombe kina palmitiki hasi 17 na steariki hasi 22. Chungu cha maziwa ya mbuzi kina hasi 28 na hasi 33. Ukisoma thamani peke yake utadhani ni vyakula viwili tofauti kabisa. Ukitoa, vyote vinakupa hasi 5, maziwa. Na thamani zenyewe hazitupwi, kwa sababu zinakuambia mnyama alilisha wapi.

Kazi ya maabara, hatua kwa hatua

Kipande cha kigae cha sentimita mbili tatu kinatosha. Kwa msasa wa umeme mdogo, kama ule wa fundi meno, uso wa kigae unakwanguliwa milimita moja au mbili pande zote. Uso huo umeguswa na mikono, umelala kwenye udongo, haufai. Kinachobaki kinasagwa kwa kinu na mchi wa maabara, unapimwa unga wa gramu mbili hivi, na kuongezwa kiasi kinachojulikana cha kemikali ya kulinganishia ambayo haipo katika chakula chochote. Hiyo ndiyo itakayosema baadaye mafuta yaliyotoka yalikuwa mangapi.

Unga unamiminiwa mililita 5 za methanoli iliyotiwa asidi kidogo ya salfuriki na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 70 kwa saa moja, ukikorogwa kila dakika 10. Asidi hiyo inafanya mambo mawili kwa mpigo: inayang'oa mafuta yaliyoshikana na udongo na kuyabadilisha yawe katika hali inayoweza kuruka kwenye mashine. Kisha mchanganyiko unazungushwa kwa kasi unga utue chini, kimiminika kinahamishwa, kinaongezwa maji safi na heksani. Mafuta hukimbilia kwenye heksani inayoelea juu kama mafuta ya kula juu ya maji. Inavutwa, inakaushwa kwa mkondo wa gesi ya naitrojeni, na kilichobaki chini ya chupa, mara nyingi hakionekani kwa macho, ndicho kinachoingia mashineni.

Mashine ya kwanza ni kromatografu ya gesi: bomba jembamba lenye urefu wa makumi ya mita, ambamo kila asidi inasafiri kwa mwendo wake na kutoka kwa zamu yake. Hapo unajua zipo ngapi na za aina gani. Kipimo kinachokubalika kwa kawaida ni angalau mikrogramu 5 za mafuta kwa kila gramu ya kigae. Chini ya hapo, usiandike kitu, maana jasho la kidole cha mchimbaji linaweza kuwa kubwa kuliko chakula cha kale. Vigae vilivyopita mtihani huo vinaenda kwenye mashine ya pili, inayochoma kila asidi ikitoka mpaka iwe kaboni dayoksaidi na kupima uwiano wa kaboni-13.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza bila kujua. Methanoli ilipobadilisha asidi, iliiongezea kaboni moja. Palmitiki iliyoingia na kaboni 16 sasa ina 17, na moja kati ya hizo ilitoka kwenye chupa ya duka la kemikali, si kwenye kiwele cha ng'ombe. Lazima chupa ile ile ya methanoli ipimwe na hesabu ifanywe ya kuondoa mchango wake. Ukibadilisha chupa katikati ya kazi bila kupima upya, thamani zako zote zinahama. Tena kila mzigo wa sampuli unakwenda na chupa moja tupu iliyopitia hatua zote bila kigae. Ikitoka na mafuta, kuna mtu ametia uchafu mahali.

Mambo mengine mawili yanaweza kusomwa humo humo bila gharama ya ziada. Nta ya majani huacha minyororo mirefu yenye kaboni 27, 29 au 31. Chungu kilichopikiwa mboga za majani mara kwa mara, tuseme mlenda, kingeweza kubaki na alama hiyo. Na mafuta yaliyochomwa kupita nyuzi 300 hivi hutengeneza ketoni za kaboni 31 hadi 35, dalili kwamba chungu kilikaa motoni kweli na hakikuwa cha kutunzia tu.

Pale kigae kinapodanganya

Chungu hakikumbuki mlo mmoja. Kinakumbuka wastani wa milo yote. Chukua chungu kilichopikiwa nyama yenye pengo la hasi 1.8 na maziwa yenye hasi 5. Vikiwa nusu kwa nusu, wastani ni hasi 3.4, na mtafiti ataandika maziwa. Vikiwa robo tatu nyama na robo maziwa, wastani ni hasi 2.6, naye ataandika nyama. Maziwa yale yamo, ila yamemezwa na supu. Kwa hiyo idadi ya vigae vya maziwa katika ripoti yoyote isomwe kama kima cha chini.

Ongeza suala la kibuyu. Kama wafugaji wa kale walitunza maziwa kwenye vibuyu, ngozi na vyombo vya mti, kama wengi wanavyofanya hadi leo, basi chungu kiliyaona maziwa yale tu yaliyochemshwa au kuchanganywa na chakula kingine. Kwa maoni yetu hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na ripoti nyingi hulitaja kwa sentensi moja kisha zikapita.

Mkoa wa jirani: Luxmanda

Toka Dodoma kwa barabara ya kaskazini, pita Kondoa, fika Babati, kisha panda uwanda wa juu wa Mbulu mpaka kimo cha karibu mita 1,900. Hapo ndipo ilipo Luxmanda, mkoani Manyara, iliyotambuliwa mwaka 2012. Ni makazi ya wafugaji ya miaka 3,000 hivi iliyopita, makubwa kwa eneo, na miongoni mwa yale ya kusini kabisa yanayojulikana ya kipindi hicho. Vyungu vyake ni vya mtindo wa Narosura, uliopewa jina la mahali nchini Kenya. Katika kundi la watafiti wake wamo Watanzania Audax Mabulla na Agness Gidna.

Mwaka 2020 kundi lililoongozwa na Katherine Grillo na Julie Dunne lilichapisha matokeo ya vigae 125 kutoka maeneo ya wafugaji wa kale nchini Kenya na Tanzania, kipindi cha miaka 5,000 hadi 1,200 iliyopita, Luxmanda ikiwemo. Maziwa yalipatikana, na huo ukawa ushahidi wa moja kwa moja wa kwanza wa mazao ya maziwa katika vyungu vya wafugaji wa Afrika Mashariki. Lakini mafuta ya nyama yalitawala, na mimea ilikuwamo. Waandishi walisoma humo mapishi ya supu na mchuzi, yaani mafuta na uboho uliochemshwa polepole hadi kutoka kwenye mifupa.

Matokeo hayo ukiyasoma haraka utasema wafugaji hawa walikuwa wala nyama zaidi kuliko wanywaji wa maziwa. Ukikumbuka kibuyu cha maziwa, huwezi kusema hivyo. Unaweza tu kusema vyungu vyao vilikuwa vya supu zaidi.

Kwa kulinganisha, huko Takarkori, kusini-magharibi mwa Libya, Julie Dunne na wenzake walitangaza mwaka 2012 kwamba vigae vya Sahara ya wakati ule ilipokuwa na nyasi na maziwa ya maji vilikuwa na mafuta ya maziwa tangu milenia ya tano kabla ya Kristo. Ufugaji ulishuka kutoka kaskazini, na inaelekea ukamuaji ulishuka nao.

Ukoga: shahidi aliyekuwa kinywani

Ukoga usiposuguliwa hugeuka jiwe. Chumvi za mate hutua juu yake tabaka kwa tabaka, na chochote kilichopita mdomoni kinaweza kukwama humo: punje za wanga, moshi, bakteria, na protini za chakula. Mwaka 2014 kundi lililoongozwa na Christina Warinner lilionyesha kwamba protini ya maziwa hudumu ndani ya ukoga huo kwa maelfu ya miaka.

Protini inayotafutwa zaidi inaitwa beta-laktoglobulini. Ina sifa mbili za bahati. Kwanza, maziwa ya binadamu hayana protini hiyo, kwa hiyo haiwezi kuwa kumbukumbu ya kunyonya utotoni. Pili, inatofautiana kidogo kati ya mnyama na mnyama. Kuna kipande chake kimoja cha amino asidi 11, yaani viungo vinavyojenga protini, ambacho nafasi ya sita tu ndiyo inayotofautiana: ng'ombe ana asidi ya aspatiki, kondoo ana asparajini, mbuzi ana laisini. Herufi moja, na umejua zizi.

Sasa angalia mtego uliomo. Asparajini ikizeeka hugeuka yenyewe kuwa asidi ya aspatiki. Ni kuoza kwa kawaida, tena joto hukuharakisha. Maana yake kipande cha kondoo aliyekamuliwa miaka 3,000 iliyopita kinaweza kusomeka leo kama cha ng'ombe. Mbuzi hana tatizo hilo, kwa kuwa laisini haigeuki hivyo. Kwa hiyo mtafiti makini akiona "ng'ombe" kwenye kipande hicho kimoja huandika "ng'ombe au kondoo" mpaka apate kipande kingine cha kuthibitisha.

Kinachohitajika ni miligramu chache za ukoga, zilizokwanguliwa kwa kifaa cha daktari wa meno, zikaoshwa nje kuondoa uchafu, zikayeyushwa, protini zikakatwa kwa kimeng'enya cha tripsini na kusomwa kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa vipande hivyo. Maabara yenyewe ni adui. Protini za ng'ombe hutumika katika kemikali nyingi za kawaida, na chai ya maziwa ya mtafiti mmoja inatosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Ndiyo maana chumba hicho hakiingizwi chakula, na ndiyo maana protini ya maziwa peke yake haitoshi kuaminiwa: lazima ionyeshe dalili za uzee zinazolingana na umri wa jino.

Kundi la Madeleine Bleasdale lilichapisha mwaka 2021 matokeo ya watu 41 kutoka maeneo 13 ya wafugaji wa kale nchini Sudan na Kenya. Wanane walikuwa na protini za maziwa, na wa zamani zaidi alitoka Kadruka, Sudan, miaka 6,000 hivi iliyopita. Hao 33 waliobaki hawakuthibitishwa kuwa hawakunywa. Protini nyingi hazidumu kwenye joto letu. Na ukoga hausemi kama mtu alikunywa bakuli kila siku au alionja siku ya arusi.

Tumbo na vinasaba

Maziwa ya ng'ombe yana laktosi, sukari yake, karibu asilimia 4.7. Mtoto anaimeng'enya kwa kimeng'enya kiitwacho laktesi. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya kuachishwa ziwa, na laktosi isiyomeng'enywa inashuka kwenye utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, na mwenye tumbo anapata gesi na kuhara. Kwa baadhi ya watu laktesi inaendelea kutolewa maisha yote kwa sababu ya badiliko dogo lililo karibu na jeni yake.

Badiliko la Ulaya lilijulikana mapema. La kwetu lilitangazwa mwaka 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walipochunguza watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walinyweshwa gramu 50 za laktosi, sawa na ile iliyomo katika lita moja ya maziwa, kisha sukari ya damu ikapimwa ikipanda. Waliopanda zaidi ya milimoli 1.7 kwa lita walihesabiwa kuwa wanaimeng'enya. Mabadiliko matatu yakapatikana, tofauti na lile la Ulaya. Lililo maarufu Tanzania na Kenya linaitwa C-14010, na umri wake ulikadiriwa kuwa kati ya miaka 2,700 na 6,800.

Halafu mwaka 2019 Mary Prendergast na wenzake wakachapisha vinasaba vya watu wa kale 41 wa Kenya na Tanzania. Katika wafugaji wote waliosomeka, mmoja tu alikuwa na badiliko hilo, na alizikwa pango la Gishimangeda, karibu na Ziwa Eyasi, miaka 2,000 na kitu iliyopita. Wenzake waliishi na ng'ombe, vyungu vya jamii zao vilikuwa na maziwa, na miili yao haikuwa na badiliko linalojulikana la kumeng'enya laktosi.

Wengine wanauona huu kuwa mgongano. Sisi hatuuoni. Mtu asiye na laktesi kwa kawaida huvumilia gramu 12 hivi za laktosi kwa mara moja, yaani kikombe kikubwa kimoja cha maziwa, bila shida kubwa. Ukiyagandisha, bakteria wa kibuyu wanakula sehemu ya laktosi kabla yako. Ukiyasuka na kutoa siagi, ukaichemsha kuwa samli, laktosi inakaribia kwisha kabisa. Kibuyu kile kile kilichomnyima mchimbaji ushahidi ndicho kilichowawezesha watu kunywa bila jeni.

Kwa nini basi badiliko hilo lilienea baadaye, kama watu walikwishajua kugandisha? Mwaka 2022 Evershed na wenzake walilinganisha mabaki ya mafuta karibu 7,000 kutoka maeneo zaidi ya 550 ya Ulaya na vinasaba vya kale. Wingi wa maziwa yaliyotumika haukueleza kuenea kwa badiliko. Dalili za njaa na magonjwa zilieleza vizuri zaidi. Mtu mwenye afya akiharishwa na maziwa anaona aibu tu. Aliyedhoofika kwa njaa akiharishwa anaweza kufa. Hayo ni ya Ulaya na hayawezi kuhamishiwa hapa mzima mzima, lakini mtu wa Ugogo aliyesimuliwa Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, haoni ugumu wa kuelewa hoja hiyo. Mavuno yamekwisha, kilichobaki kina uhai ni ng'ombe, na anayeweza kunywa maziwa yake mabichi bila kuharisha ana siku kadhaa zaidi za kusubiri mvua.

Ukiokota kigae

Mvua kubwa za Januari zinapokwangua makorongo ya Kondoa na Chemba, vigae hujitokeza. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kuchimba kunahitaji kibali, kwa hiyo kinachotakiwa ni kukiacha kigae kilipo, kupiga picha penye kitu cha kulinganishia ukubwa, kuandika mahali na kutoa taarifa kwa ofisi ya utamaduni ya wilaya au Idara ya Mambo ya Kale. Kigae kilichohamishwa bila kumbukumbu kinabaki na mafuta yake lakini kimepoteza umri wake na majirani zake.

Kwa mwenye kibali, kasoro zinazoua sampuli zinafanyika siku ya kwanza shambani. Usikishike kwa mkono mtupu. Mafuta ya ngozi na losheni ya jua huingia kwenye vinyweleo vile vile. Usikisugue kwa brashi na sabuni, usikigundishe, usikiandike namba kwa rangi ya kucha. Mfuko wa plastiki nao hutoa kemikali zake, kwa hiyo funga kwanza kwa jaribosi, ndipo utie kwenye mfuko wa karatasi. Chagua vipande vya mdomo na shingo ya chungu kuliko vya kitako, kwa kuwa mafuta huelea juu wakati wa kuchemka na kushika zaidi huko. Na chukua kijiko cha udongo uliokuwa umekizunguka, kifungwe peke yake. Udongo huo ukitoka na mafuta yale yale ya kigae, hakikuwa chakula.